Namna ya Kuwajulisha Wakazi wa Makao ya Uuguzi Marekani Kwamba Ada ya Chumba Inapanda

Barua ya kupandisha ada ya chumba huwa ukurasa mmoja, na kwa ofisi ya fedha ni kazi ya kila mwaka. Kwa mkazi anayejilipia mwenyewe ni jambo zito. Akiba yake, ambayo pengine ni fedha za nyumba aliyouza ili aje kukaa hapo, itaisha mapema kuliko alivyopiga hesabu. Anahitaji muda wa kuongea na watoto wake, kuipigia simu kampuni ya bima, kuulizia kitanda cha bei nafuu au kuanza maombi ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato na mali kidogo. Hatua zote zilizoelezwa hapa zina shabaha moja: mkazi apate muda huo, na aupate akiwa ameelewa ni kiasi gani kinabadilika na kuanzia lini.

Maelezo haya yanahusu makao ya uuguzi nchini Marekani yaliyoidhinishwa kupokea malipo ya Medicaid au ya Medicare, bima ya serikali ya shirikisho ambayo hasa ni ya wazee. Makao yanayowasaidia wazee kuoga, kuvaa na kunywa dawa tu, bila uuguzi wa saa 24, husimamiwa na sheria za jimbo, na muda wa taarifa huko hutofautiana.

Kanuni inataka nini

Kifungu cha kushika, katika kanuni za serikali ya shirikisho, ni 42 CFR 483.10(g)(18). Makao yakibadilisha malipo ya vitu na huduma yanazotoa nje ya zile zinazogharamiwa na Medicare au Medicaid, mkazi lazima ajulishwe kwa maandishi angalau siku 60 kabla ya badiliko kuanza. Ada ya chumba ya anayejilipia imo humo, pamoja na vidogo vidogo kama saluni, simu na televisheni ya chumbani. Wakaguzi wa jimbo wakikuta kasoro hapa huiandika chini ya namba ya ukaguzi F582.

Angalia maneno yenyewe. Anayejulishwa ni mkazi. Mwakilishi wake anaingia pale sheria inapomwingiza. Taarifa ni ya maandishi, kwa hiyo simu ya dakika kumi kwa binti yake, hata ikiwa ya upole namna gani, haihesabiki. Tangazo lililobandikwa karibu na lifti nalo halitoshi, kwa sababu huwezi kuonyesha kwamba mtu aliye kitandani muda wote aliliona. Na siku 60 ni kima cha chini. Mkataba wa kuingia ukiahidi siku 90, au sheria ya jimbo ikitaka zaidi, fuata ule muda mrefu. Kinyume chake hakikubaliki: mkataba wenye kipengele cha "bei inaweza kubadilika kwa taarifa ya siku 30" hauwezi kushinda kanuni hii, maana kanuni yenyewe inakataza mkataba kupingana nayo.

Kabla ya kugusa kalamu, hakikisha pia kwamba jimbo linaruhusu bei unayotaka kuweka. Minnesota na North Dakota, kwa mfano, kwa kanuni ya jumla haziruhusu anayejilipia atozwe zaidi ya kiwango cha Medicaid kwa huduma ile ile.

Nani apewe barua

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu ofisi huchapisha orodha ya "wanaojilipia" kutoka kwenye programu ya bili na kuishia hapo. Orodha hiyo inaonyesha nani analipa leo. Wewe unamtafuta kila mtu ambaye bei mpya inaweza kumfikia. Chukua orodha kamili ya vitanda vyote, vikiwemo vilivyo wazi, upite mstari kwa mstari.

Anayejilipia mwenyewe anapewa, hilo halina mjadala. Anayelipiwa na bima ya matunzo ya muda mrefu anapewa pia, kwani bima nyingi hulipa hadi kiwango fulani kwa siku na mzee ndiye anayebeba kilichobaki. Aliyeomba Medicaid na bado hajajibiwa anapewa: maombi yakikataliwa, au yakikubaliwa kuanzia tarehe ya baadaye, siku za katikati zitakuwa zake.

Aliye hospitali huku kitanda chake kikishikiliwa kwa malipo ndiye anayesahaulika kuliko wote, kwa kuwa siku barua zinagawiwa chumba chake ni kitupu. Barua ikiachwa juu ya meza ya kitanda chake haijafika. Ipelekwe kwake hospitali au itumwe, na mwakilishi wake apate nakala.

Wa Medicare sehemu A, ile inayolipia kulazwa hospitali na uuguzi wa muda mfupi, anahitaji kufikiriwa kidogo. Medicare hulipa makao ya uuguzi kwa siku zisizozidi 100 katika kipindi kimoja cha ugonjwa: siku 20 za kwanza bila mchango wa mgonjwa, kisha kuanzia ya 21 hadi ya 100 kuna mchango wa kila siku. Ada yako ya chumba haimgusi akiwa ndani ya siku hizo. Lakini wengi hubaki baada ya malipo kukoma, na siku hiyo hiyo wanageuka kuwa wanaojilipia. Mpe barua, na umweleze kwamba inamhusu ikiwa tu atabaki. Usiichanganye na fomu za kumwarifu kwamba malipo ya Medicare yanakoma. Hizo zina tarehe zake na fomu zake, na barua ya ada haizibadili.

Aliye tayari kwenye Medicaid hatozwi ada yako ya chumba. Kiwango hupangwa na jimbo, na sehemu anayochangia mkazi hutokana na kipato chake, akibakiziwa fedha za matumizi binafsi ambazo kwa kanuni ya shirikisho haziwezi kupungua chini ya dola 30 kwa mwezi. Ukimpa barua ya ongezeko utamtia hofu ya bure. Hata hivyo habari zitamfikia kwenye meza ya chakula, kwa hiyo mwandalie karatasi fupi: "Ada ya chumba kwa wanaojilipia inabadilika. Wewe unalipiwa na Medicaid. Mchango wako haubadiliki kwa sababu hii." Sentensi hizo tatu huokoa usingizi wa watu wengi.

Halafu wapo wanaoingia katikati ya zile siku 60. Mkataba wao uonyeshe bei zote mbili, ya sasa na ile mpya, pamoja na tarehe ya kubadilika, nao waweke sahihi wakiwa wameziona zote. Anayeingia wiki tatu kabla ya bei mpya bila kuambiwa ana haki ya kulalamika, na atakuwa sahihi.

Kuhesabu tarehe kurudi nyuma

Anza na siku bei mpya itakapoanza kutumika, kisha rudi nyuma. Tuseme ni Januari 1. Siku ya 60 nyuma yake ni Novemba 2. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya barua kuwa mkononi mwa mkazi. Tarehe iliyochapwa juu ya barua haihesabiki, wala muhuri wa posta.

Kwa hiyo ratiba inayofanya kazi ni hii: bei iamuliwe na kuidhinishwa kabla ya Septemba kuisha, wiki ya kwanza ya Oktoba hesabu za kila mkazi zikamilike, wiki ya pili barua zichapishwe na mtu wa pili azihakiki, kati ya Oktoba 15 na 20 zigawiwe na nakala zipelekwe posta. Hapo unabaki na siku zaidi ya kumi za kumfuata aliyelazwa, za barua iliyorudi kwa anwani ya zamani, na za mzee aliyekuwa na homa siku ya kugawa. Anayepanga kugawa Novemba 1 hana nafasi ya kukosea hata mara moja, na katika jengo la vitanda mia moja kukosea ni lazima kutokee.

Weka tarehe ya kuanza iwe ya kwanza ya mwezi. Bei inayobadilika katikati ya mwezi huzaa bili yenye mistari miwili ya chumba kwa viwango viwili, na utaielezea mara arobaini.

Hesabu ya kila mtu peke yake

Barua inayosema "ada zitapanda kwa asilimia 5.8" haijamwambia mkazi kitu. Mzee anataka kujua atatoa dola ngapi, na hilo unalijua wewe zaidi yake. Andaa jedwali lenye safu hizi: jina, chumba, aina ya chumba, bei ya sasa kwa siku, bei mpya kwa siku, tofauti, bei mpya kwa mwezi wa siku 30 na wa siku 31, na nani analipa nini.

Chukua mfano wa chumba cha watu wawili kinachopanda kutoka dola 310 hadi 328 kwa siku. Tofauti ni dola 18. Mwezi wa siku 30 unatoka dola 9,300 hadi 9,840. Wa siku 31 unatoka 9,610 hadi 10,168. Kwa mwaka mzima ni dola 6,570 zaidi. Andika miezi yote miwili, ya 30 na ya 31. Vinginevyo Januari watakupigia simu wakisema umewatoza zaidi ya ulichoandika, kumbe ni ile siku moja ya ziada.

Sasa mtazame mkazi mwenye bima inayolipa hadi dola 200 kwa siku. Kabla ya ongezeko alikuwa anatoa mfukoni dola 110. Sasa atatoa 128, maana bima haipandi pamoja nawe. Kwenye vitabu vyako ongezeko ni asilimia 5.8, ila kwake ni zaidi ya asilimia 16. Ofisa ustawi wa jamii anayeijua namba hii kabla ya kuingia chumbani ataongea tofauti kabisa na yule anayebeba asilimia ya jumla. Baadhi ya bima zina nyongeza ya kila mwaka ya kufidia mfumuko wa bei. Mshauri mkazi au mwakilishi wake aiulize kampuni kama ya kwake inayo.

Halafu kuna wanaokaribia kumaliza akiba. Mkazi wa chumba kile kile cha dola 310 mwenye dola 74,000 na pensheni ya dola 2,100 kwa mwezi alikuwa anachota kwenye akiba dola 7,200 kila mwezi. Katika majimbo mengi kikomo cha mali kwa maombi ya Medicaid ni dola 2,000, kwa hiyo alikuwa na miezi kumi. Kwa bei mpya anachota 7,740, na akiba inafika kikomo katika miezi tisa na wiki moja hivi. Wiki tatu si nyingi kwenye karatasi, lakini maombi ya Medicaid yanadai taarifa za benki za miaka mitano iliyopita, na kuzikusanya kwa mzee aliyebadilisha benki mara mbili huchukua miezi. Tia alama kila mkazi ambaye akiba yake inakadiriwa kuisha ndani ya mwaka, umpe miadi na mtu wa maombi ya Medicaid wiki ile ile ya barua.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja, herufi za saizi 16, karatasi nyeupe isiyong'aa. Karatasi inayong'aa hurudisha mwanga wa taa za dari, na mwenye mtoto wa jicho haoni kitu. Namba muhimu zikae juu, kabla ya maelezo. Usianze na aya ya kumshukuru kwa kuchagua makao yenu. Anayesoma kwa shida atachoka kabla hajafika kwenye bei. Mfano huu unatosha:

"Tarehe ya kupewa barua: ____

Mpendwa Bi. / Bw. ____,

Ada ya chumba chako inapanda kuanzia Januari 1.
Sasa unalipa dola 310 kwa siku. Kuanzia Januari 1 utalipa dola 328 kwa siku.
Hii ni dola 18 zaidi kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni dola 9,840. Kwa mwezi wa siku 31 ni dola 10,168.
Hadi Desemba 31 bei yako haibadiliki.

Ada hii inajumuisha chumba, chakula, uuguzi na usafi, kama ilivyo sasa. Huduma hazipungui. Malipo ya saluni na simu hayabadiliki.

Tunapandisha ada kwa sababu mishahara ya wauguzi na gharama za bima ya jengo zimepanda.

Ukitaka tupige hesabu pamoja, kuulizia chumba kingine, au kujua kuhusu Medicaid, mwone ____, chumba namba ____, simu ____. Unaweza kuja na mtu yeyote unayemtaka.
Una haki pia ya kuzungumza na ombudsmani wa makao ya wazee wa jimbo (mtetezi wa haki za wakazi), simu ____. Huduma yake ni bure."

Sababu iwe ya kweli na iwe fupi. Kama hakuna huduma iliyoongezwa, usiandike kwamba ongezeko ni la "kuboresha huduma". Wakazi wanaishi humo ndani saa 24. Wanajua kama chakula kimebadilika. Na usiweke neno lolote la kutishia kuhusu asiyeweza kulipa. Kumtoa mkazi kwa kutolipa ni utaratibu mwingine kabisa, wenye taarifa yake ya siku 30, haki ya kukata rufaa na nakala kwa ombudsmani. Ukiuchomeka kwenye barua ya ada, mzee ataona anafukuzwa.

Kanuni inataka taarifa itolewe kwa namna na lugha mkazi anayoielewa. Kwa hiyo anayesoma Kihispania, Kivietinamu au Kiswahili apate barua yake kwa lugha hiyo, iliyotafsiriwa na mtu anayejua kazi. Usimtumie mjukuu aliyekuja kusalimia: hajui tofauti ya mchango wa mgonjwa na ada ya chumba, na si haki kumfanya mtoto ajue hali ya fedha ya bibi yake. Asiyeona apewe kwa nukta nundu ikiwa anazisoma, au kwa sauti iliyorekodiwa, pamoja na barua ya kawaida kwa ajili ya mwakilishi.

Kuipeleka mkononi

Mtu mmoja anayefahamika na mkazi, mara nyingi ofisa ustawi wa jamii, aende chumba kwa chumba. Asiende na rundo la bahasha kwenye kigari cha dawa. Asubuhi kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana ndio muda mzuri. Jioni wengi wamechoka, na wenye shida ya kumbukumbu huwa na wasiwasi zaidi jua likizama. Epuka dakika kumi kabla ya mazoezi ya viungo na mara tu baada ya kuoga.

Hakikisha kifaa cha kusikia kimevaliwa na betri inafanya kazi, na miwani iko usoni. Kaa, usisimame juu yake. Kama chumba ni cha wawili, muulize kama angependa mwende mahali pa faragha, kwa sababu pazia halizuii sauti na mwenzake hana sababu ya kujua analipa nini. Kisha sema jambo lenyewe bila kuzunguka: "Bi. ____, nimekuletea barua kutoka ofisi ya fedha. Bei ya chumba chako inapanda Januari. Naomba tuisome pamoja." Soma zile namba, nyamaza, mpe nafasi. Mwisho mwombe akueleze kwa maneno yake bei inabadilika lini na kwa kiasi gani. Akisema "mwezi ujao", rudieni.

Mwombe aweke sahihi kwenye nakala inayosema waziwazi: "Nimepokea barua hii. Sahihi yangu haimaanishi kwamba nimekubali ongezeko." Bila sentensi ya pili watu hukataa, na wana haki. Akikataa hata hivyo, usimsukume. Andika kwamba amepewa na amekataa kusaini, weka tarehe na saa, na mfanyakazi wa pili aliyekuwepo asaini. Kupokea ndiko kunakohesabiwa, sahihi ni ushahidi tu.

Kwa mwenye shida ya kumbukumbu, kuna wanaomruka wakisema hataelewa. Hilo ni kosa. Alama za BIMS, kipimo kifupi cha kumbukumbu na uelewa kinachokwenda kutoka 0 hadi 15, si hukumu ya mahakama. Mwenye alama 9 anaweza kabisa kuelewa kwamba chumba chake kitakuwa ghali zaidi na akataka mwanawe ashughulikie. Mpe barua, mwambie kwa sentensi mbili rahisi, mwambie pia nani mwingine amepata nakala. Akisahau kesho, nakala iko kwenye droo yake na mwakilishi anajua. Asiyeweza kabisa kupokea taarifa, andika kwenye faili kwa nini na ni nani aliyepokea kwa niaba yake.

Wawakilishi

Fungua faili uone karatasi. Usitegemee anayekuja kila Jumapili ndiye mwakilishi. Mtu mwenye hati ya kusimamia fedha za mkazi, mlezi aliyeteuliwa na mahakama, na yule aliyeteuliwa na Social Security, mfumo wa pensheni wa serikali, kupokea malipo kwa niaba ya mkazi wana mamlaka tofauti. Huyu wa mwisho anasimamia malipo ya Social Security peke yake, hana kauli juu ya akaunti ya akiba. Mwenye hati ya maamuzi ya matibabu huenda hana ruhusa yoyote ya kuona bili. Mkazi mwenye akili timamu ndiye anayeamua nani mwingine apewe nakala. Mwulize, uandike jibu.

Nakala ya mwakilishi itumwe kwa njia mbili siku ile ile: barua ya rejista inayotaka sahihi, na barua ya kawaida. Watu wengi hawaendi posta kuchukua rejista, wakihofia ni mambo ya madeni, nayo hurudi baada ya wiki kadhaa. Ile ya kawaida inaingia sandukuni. Baada ya siku tano piga simu kuthibitisha, uandike tarehe na aliyejibu.

Na chunga lugha. Kanuni zinakataza makao kumlazimisha mtu wa tatu awe mdhamini wa malipo kama sharti la mkazi kupokelewa au kuendelea kukaa. Mtoto anayesaini mkataba akiwa msimamizi wa fedha za mama yake analipa kutoka fedha za mama. Barua inayomwandikia "utalazimika kulipa dola 328" inamfanya aamini deni ni lake. Andika "ada ya chumba cha mama yako itakuwa", na ulipaji uelezwe kuwa unatoka katika fedha za mkazi.

Siku hiyo hiyo, ndani ya jengo

Wahudumu na wauguzi wa zamu zote waambiwe kabla ya barua ya kwanza kutoka, angalau siku moja. Mzee hatauliza ofisi ya fedha saa nne usiku; atamuuliza mhudumu anayembadilisha shuka. Mhudumu hahitaji kujua bei za watu, na hapaswi. Anahitaji sentensi moja na jina moja: "Ndiyo, bei zinabadilika Januari, na fulani wa ustawi wa jamii atakuja kesho mzungumze." Kisha aandike jina la mkazi aliyeuliza kwenye daftari la zamu. Asibahatishe namba, asiseme "usijali", asiseme "hata mimi sijaongezwa mshahara".

Baraza la wakazi litataka kulizungumzia, na ni haki yao. Wafanyakazi huingia kwenye kikao hicho kwa kualikwa tu, kwa hiyo mkurugenzi amwambie mwenyekiti wa baraza kwamba yuko tayari kuja akiitwa, aende na jedwali la bei kwa aina ya chumba, asiende na majina. Kikao kinafaa kuwa siku tatu hadi tano baada ya barua, watu wakiwa wameshasoma za kwao. Kutangaza kikaoni kwanza na kugawa barua baadaye kunaleta wiki nzima ya uvumi.

Wanaporudi na maswali

Wengi watauliza kama kuna chumba cha bei ndogo. Kabla ya kugawa barua, jua vitanda vipi viko wazi na vipi vinatarajiwa. Kama hakuna, sema hakuna, mwandike kwenye orodha ya kusubiri na umwonyeshe nafasi yake. Akihama, kuhama nako kuna taarifa yake ya maandishi yenye sababu, kwake na kwa mwenzake mpya wa chumba.

Mwingine atasema anaondoka. Mpangie kuondoka salama kama unavyofanya kwa yeyote, na fedha alizolipa mapema anazostahili kurudishiwa zirudi ndani ya siku 30 tangu atoke. Mwingine ataomba bei ya zamani iendelee miezi michache. Amua sera kabla: ama hakuna anayeongezewa muda, ama kuna vigezo vilivyoandikwa na vinavyotumika kwa wote. Makubaliano ya mlangoni hujulikana ndani ya wiki moja, na waliolipa kimya kimya huumia.

Usikate ongezeko kutoka kwenye akaunti ya fedha binafsi za mkazi mnayomtunzia bila idhini yake ya maandishi, hata kama fedha zipo na unajua angekubali.

Bili ya kwanza

Programu ya bili ndiyo inayoharibu kazi nzuri. Bei mpya ikiingizwa bila tarehe ya kuanza, bili ya Desemba inatoka na dola 328, na barua yako iliyosema "hadi Desemba 31 bei yako haibadiliki" inageuka uongo. Ingiza bei pamoja na tarehe, chapisha bili tano za majaribio, moja kwa kila aina ya mlipaji, uzilinganishe kwa mkono na jedwali.

Wanaolipa kwa agizo la benki la kila mwezi wanahitaji kukumbushwa mapema Desemba, maana benki itaendelea kutuma kiasi cha zamani na ile dola 558 ya Januari itaonekana kama deni. Asitozwe faini ya kuchelewa kwa hilo mwezi wa kwanza.

Kisha pitia daftari la kugawa barua. Kila mkazi awe na tarehe aliyopokea, na tarehe hiyo iwe Novemba 2 au kabla. Aliyepokea Novemba 9 analipa bei ya zamani hadi Januari 7 na mpya kuanzia Januari 8. Ibadilishe kwenye mfumo kabla bili haijatoka, na umwandikie tarehe yake mpya. Ikigundulika baada ya bili kutoka, mrudishie tofauti kwenye bili inayofuata kama mstari unaosomeka peke yake, pamoja na barua fupi inayosema ni siku ngapi na ni dola ngapi. Usingoje alalamike.

Nakala ya barua, sahihi, risiti za posta na kumbukumbu za simu zikae pamoja kwenye faili la fedha la mkazi, na jedwali lote likae kwenye faili moja la mwaka huo, ili mkaguzi akiuliza kuhusu mkazi mmoja asilazimike kungoja wakati mnapekua ofisi tatu.